Upepo, Mvua na Miti ya Ugenini: Majira katika Bustani ya Mimea ya Dar es Salaam

Husemwa mara kwa mara kwamba Dar es Salaam haina majira ya mwaka, ila ina joto la kawaida, joto lililozidi na siku kadhaa za tope katikati yake. Kauli hiyo nimeisikia ofisini, nimeisikia ndani ya daladala, na nimeisikia zaidi kwa jamaa zangu wa Njombe, ambao kwao Julai ni mwezi wa kuvaa koti tangu asubuhi. Mimi hufanya kazi maeneo ya Posta, na kwa kuwa saa ya chakula cha mchana ni ndefu kuliko chakula chenyewe, nimejizoeza kupitia Bustani ya Mimea iliyo jirani na Makumbusho ya Taifa na Ukumbi wa Karimjee. Si bustani kubwa, na anayeikatiza kwa haraka ataona vivuli, mabenchi na watu wanaozungumza na simu zao. Anayerudi pale mwaka mzima, hata hivyo, ataona kwamba majira yapo, tena ni mengi, isipokuwa hayaji yote kwa pamoja: kila mmea una kalenda yake, na ili kuisoma kalenda hiyo ni lazima kujua upepo unavuma kutoka wapi na mmea wenyewe umetoka nchi gani.

Nianze na upepo. Dar es Salaam iko karibu na nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo tofauti kati ya mchana mrefu wa Desemba na mchana mfupi wa Juni haifiki hata saa moja. Mti uliozoea kuamshwa na kurefuka kwa mchana, kama ilivyo kwa miti mingi ya Ulaya, hapa hauna wa kuuamsha. Kinachobadilika kwetu ni unyevu na mwelekeo wa hewa, na watu wa pwani walikwisha kuyapanga haya kwa umakini muda mrefu kabla ya kuwapo kituo chochote cha kupima hali ya hewa. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, kavu na yenye joto; inapokufa huja masika, ambayo huanza Machi na kuendelea hadi Mei, na Aprili kwa kawaida ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote; kisha kusi hushika, na ndani yake mna kipupwe cha Juni hadi Agosti; kusi ikilegea tunaingia demani, na vuli huanza kunyesha kati ya Oktoba na Desemba kabla kaskazi haijarudi. Mji hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, lakini mmea haujali jumla hiyo hata kidogo. Mmea hujali kwamba mvua hiyo imegawanyika mara mbili, na kwamba baina ya mafungu hayo mna miezi ambayo udongo wa mchanga wa pwani haubaki na kitu.

Jambo la pili ni asili ya miti. Bustani hii ilianzishwa mwaka 1893, wakati wa utawala wa Wajerumani, chini ya Profesa Franz Stuhlmann, na kusudi lake la awali halikuwa kuwapumzisha watu wa mjini bali kujaribu mazao ya biashara, ili ijulikane ni mimea gani ya kigeni ingestahimili pwani hii na ipi ingekufa. Utafiti wa aina hiyo ulipata makao makubwa zaidi mwaka 1902 huko Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, na bustani ya Dar es Salaam ikaendelea kuwa mahali pa mapambo na kivuli. Barabara inayopita karibu iliitwa na Wajerumani Unter den Akazien, Waingereza wakaiita Acacia Avenue, baadaye ikawa Independence Avenue, na leo ni Barabara ya Samora. Kila ninapoipita mchana wa Februari huwaza kwamba kuitoa miti katika jina la barabara ni jambo jepesi, lakini kuirudisha barabarani si kazi ya siku moja. Matokeo ya historia hiyo ni kwamba ndani ya ua mmoja wanaishi majirani kutoka Madagaska, Brazili, Bara Hindi na Shelisheli, pamoja na mimea ya pwani yetu wenyewe, na kila mmoja amekuja na desturi za kwao.

Mfano ulio wazi ni mkrismasi. Asili yake ni Madagaska, ambako kipindi cha ukame huangukia katikati ya mwaka na mvua huanza mwishoni mwa mwaka, kama ilivyo kwetu, na kwa sababu hiyo mti huu haukuhitaji kujifunza upya chochote ulipofika hapa. Katika miezi mikavu hupukutisha majani yake madogomadogo, ukabaki na maganda marefu meusi yanayogongana kwa upepo. Halafu vuli inapokaribia hutoa maua mekundu, mara nyingi kabla majani hayajarudi yote, na kufikia Desemba chini ya mti panakuwa pekundu kama juu yake. Atakayeyatazama maua hayo kwa karibu ataona kwamba petali moja kati ya tano haifanani na nyingine, kwa kuwa ina weupe au umanjano wenye madoa mekundu. Mti huohuo ukipandwa India huchanua kati ya Aprili na Juni, kwa sababu huko joto na mvua hufuata ratiba nyingine.

Mjakaranda haukubahatika hivyo. Umetoka Amerika ya Kusini, katika maeneo yenye ubaridi wa kweli sehemu ya mwaka, na ndiyo maana hufurahia zaidi nyanda za juu. Ninaouona hapa hutoa maua yake ya zambarau kwa kiasi, kama anayetimiza wajibu, na mtu aliyewahi kufika Nairobi au Arusha mwezi wa Oktoba hataushangaa. Sioni sababu ya kuulaumu. Ningependa tu wale wanaopanga miti ya barabara za pwani waliangalie jambo hilo kabla ya kununua miche.

Bogenvilia, kwa upande wake, huutumia ukame vizuri kuliko mimea yote niijuayo. Asili yake pia ni Amerika ya Kusini, na kile ambacho wengi wetu hukiita ua, yaani yale majani laini ya zambarau, mekundu au ya rangi ya chungwa, si ua hasa. Maua ni vile vijifuko vyembamba vyeupe vilivyo katikati, na majani hayo ya rangi huyazunguka ili kuwavutia wadudu. Mmea huu hung'aa zaidi kusi inapokuwa imeshika na udongo umekauka, kati ya Juni na Oktoba, na ukimwagiliwa maji mengi hutoa majani mabichi na kusahau rangi. Nimewaona watu wakiumwagilia kwa huruma kila jioni kisha wakilalamika kwamba mche waliouziwa ni mbovu.

Kipupwe hicho hicho ndicho kinachoiamsha miembe. Kupungua kwa joto la usiku hadi karibu nyuzi 19 za Selsiasi kunatosha kuifanya itoe vishada vya maua yenye harufu nzito mwezi wa Julai na Agosti, na matunda yake ndiyo tunayoyala kuanzia Novemba. Mkungu, ambao watu wa pwani wameuzoea kando ya bahari na katika viwanja vya shule, hugeuza majani yake kuwa mekundu kabla ya kuyaangusha, jambo ambalo miti michache sana ya hapa hulifanya. Atakaye kuona majani yenye rangi ya majira ya kupukutika hana haja ya kwenda Ulaya wala Marekani. Asimame chini ya mkungu.

Hapa nina neno kuhusu ufagio. Katika bustani nyingine ya mji, ambayo sitaitaja, nilimkuta mzee akifagia majani ya mkungu hadi mchanga ukabaki mtupu, nikamwamkia na kumuuliza kwa nini hayaachi yakaoza chini ya mti. "Marahaba, mwanangu," alinijibu. "Wakubwa wakipita wakaona majani, watasema nimelala." Alikuwa na haki, na kosa si lake. Udongo wa pwani ni mchanga mwepesi ambao hauhifadhi maji wala chakula cha mimea, na hazina yake karibu yote iko katika tabaka hilo la juu la majani yanayooza. Tukilifagia na kulichoma moto, huwa tumeufukarisha mti, tumewanyang'anya ndege chakula chao cha wadudu, na tumeua kila kiumbe kinachojificha humo kikingojea mvua.

Viumbe vinavyongojea mvua ni vingi kuliko tunavyodhani. Konokono wakubwa wa bustani, ambao asili yao ni ukanda huuhuu wa Afrika Mashariki ingawa leo wamesambaa hadi Asia na visiwa vya Pasifiki na kuwa waharibifu wa mashamba huko, hupitisha ukame wakiwa wamejifungia ndani ya magamba yao. Mlango wa gamba huzibwa kwa utando mgumu unaozuia maji yasipotee, na mnyama hukaa humo miezi kadhaa bila kula. Mvua ya kwanza kubwa ya masika ikinyesha usiku, asubuhi yake utawakuta njiani, juu ya kuta na juu ya majani mapana, wakila na kupandana kwa haraka ya mtu aliyecheleweshwa. Majongoo hutokea siku hizohizo, wengine urefu wa kiganja kizima, wawiliwawili. Wapo wanaowaogopa na kuwaponda, lakini jongoo hula majani yaliyooza na kuyarudisha ardhini, na ndiye mfanyakazi pekee wa bustani asiyedai mshahara. Vyura nao huanza kuitana katika kila dimbwi, na nyasi ambazo Februari zilikuwa za kijivu hurefuka kiasi cha kuwashinda wakataji.

Ndege anayezitangaza siku hizo ni dudumizi, ambaye wengine humwita tipitipi. Ana mgongo wa rangi ya kutu, tumbo jeupe, macho mekundu na mkia mzito, na huruka kwa shida. Humsikii ukamwona mara moja, kwa kuwa hupenda kujificha kwenye vichaka. Sauti yake hushuka kwa mfululizo mmoja, mithili ya maji yanayomiminwa kutoka mtungi wenye shingo nyembamba, na watu wa pwani tangu zamani husema akilia mvua iko karibu. Siwezi kuapa kwamba anajua kutabiri, ila hali yake ya maisha inaieleza imani hiyo vizuri: chakula chake ni wadudu, konokono, vyura na panya wadogo, ambao wote huongezeka hewa inapolowa, na huo ndio wakati wake wa kuzaa. Mwenye makinda ya kulisha anayo kila sababu ya kupaza sauti wakati huo.

Mnana nao hushughulika mvua zinapokuwa nzuri, kwa sababu nyasi mbichi na vipande vya kuti ndivyo vinavyosukika. Kwenye mipama utaona viota vyao vikining'inia, na chini yake vile ambavyo majike wamevikataa. Juu ya mipama hiyohiyo anaishi ndege mwingine ambaye wapita njia wengi humchanganya na mbayuwayu. Ni teleka, mwembamba, wa rangi ya kahawia iliyofifia, mwenye mkia uliopasuka kama uma. Hushinda angani mchana kutwa, na miguu yake haifai kutembelea. Kiota chake ni manyoya machache yaliyogandishwa kwa mate upande wa chini wa kuti linaloning'inia, na mayai pia hugandishwa hapo kwa mate, kwa sababu kuti likipeperushwa na kusi hakuna yai lingebaki. Kuti kavu linaloonekana kama uchafu wa kukatwa ndilo nyumba yake, na ni hoja nyingine ya kutokuwa na haraka na panga.

Jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote hutokea vuli, na hutokea bila maua. Kuanzia Novemba, siku ya pili au ya tatu baada ya mvua, juu ya nyasi za bustani huonekana kereng'ende wa rangi ya dhahabu, hawatui, wanakwenda na kurudi kwa kimo cha kichwa cha mtu. Kuna aina nyingi za kereng'ende Dar es Salaam, lakini hawa, ambao wanasayansi huwaita Pantala flavescens, ni wasafiri. Charles Anderson, mwanabiolojia aliyekuwa akiishi Maldivi, alishangazwa na mamilioni ya kereng'ende waliotokea visiwani humo kila Oktoba, ilhali visiwa hivyo karibu havina maji baridi ya kuzalia. Mwaka 2009 alichapisha hoja kwamba wanatoka India, wanavuka Bahari ya Hindi wakiwa juu sana, mahali ambapo upepo huwasukuma kuelekea Afrika Mashariki, kisha vizazi vinavyofuata hurudi Bara Hindi upepo unapogeuka. Safari nzima, kwa makadirio yake, ni kati ya kilomita 14,000 na 18,000, na hakuna mdudu mmoja anayeikamilisha, kwa sababu hukamilishwa na vizazi kadhaa vikipokezana. Siri yao ni kufuata mvua. Hutaga katika madimbwi ya muda, na watoto wao hukua ndani ya kiasi cha wiki sita, kabla dimbwi halijakauka.

Nikiwatazama huwa siachi kukumbuka kwamba majahazi kutoka Bara Hindi na Ghuba yalikuja huku kwa kaskazi na kurudi kwa kusi, na kwamba mji huu, pamoja na lugha ninayoiandika hapa, umejengwa na ratiba hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba kereng'ende hawakuhitaji nahodha, na walitangulia.

Wageni wengine wa msimu huo ni mbayuwayu wa Ulaya na Asia, wanaofika kuanzia Septemba na Oktoba na kuondoka kati ya Machi na Aprili. Hawajengi viota kwetu. Kwao hii ni nchi ya kula. Keremkerem wa kijani hupita pia, wakiwindia nyuki juu ya miti, na jioni za mwanzo wa vuli kumbikumbi wanapotoka ardhini kila ndege, mwenyeji na mgeni, hushiriki karamu hiyo, pamoja na mijusi kafiri kwenye taa za ukuta.

Idadi ya ndege wadogo katikati ya mji ingekuwa kubwa zaidi kama si kunguru. Ndege huyu mweusi mwenye shingo ya kijivu si wa hapa. Aliletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890 ili asaidie kula takataka, na kutoka huko akaenea pwani yote. Hula mayai na makinda ya wengine, na hatambui msimu, kwa sababu majalala yetu humlisha Januari hadi Desemba. Dar es Salaam na Zanzibar zimewahi kumtega na kumtilia sumu, akapungua, kisha akarudi juhudi zilipolegea. Kwa maoni yangu mtego bila usafi wa majalala ni kazi isiyo na mwisho.

Ipo mimea isiyosikiliza masika wala vuli. Mitapo, ambayo aina yake moja ni ya pwani yetu hii ya Kenya na Tanzania, ni ya ukoo uliokuwapo duniani kabla ya mimea yote yenye maua. Kuna mtapo dume na mtapo jike. Kila mmoja hutoa bunda lake la mbegu au la chavua unapoona umefika wakati, wala si lazima iwe kila mwaka. Bunda la dume hujipasha joto na kutoa harufu, ili mbawakawa waliomo wahame na kupeleka chavua kwa jike. Biashara ya kimataifa ya mitapo ya jamii hii iliyong'olewa porini imekatazwa, kwa kuwa wakusanyaji wa dunia wameimaliza sehemu nyingi.

Halafu kuna mnazi wa Shelisheli, ambao kwa miaka mingi umekuwa fahari ya bustani hii. Porini huota katika visiwa viwili tu, Praslin na Curieuse, na nje ya Shelisheli ni bustani chache zinazoweza kuuonyesha. Tunda lake huchukua miaka 6 au 7 kukomaa, na mbegu iliyomo, iliyo kubwa kuliko ya mmea mwingine wowote duniani, inaweza kufikia uzito wa kilo 25. Huu nao una dume na jike, na jike lisilo na dume karibu halina tunda. Mti unaohesabu kwa miaka 7 hauwezi kuulizwa kama mvua za mwaka huu zimechelewa. Wanafunzi wanaoletwa Makumbusho hupita karibu nao mara nyingi bila kuambiwa chochote, na ningetamani walimu wao wawasimamishe hapo dakika 5.

Kaskazi sina mengi ya kuisifia. Januari na Februari nyenje hulia hadi masikio yazibe, nyasi hufa, na wenye busara hubaki ndani. Jioni tu ndipo popo wa matunda hutoka, wakifuata maembe na kungu, na asubuhi kokwa zilizotafunwa hukutwa mbali na mti wowote uliozizaa. Watu huwachukia kwa uchafu huo, ingawa popo wa jamii hiyo ndio wanaosafirisha mbegu za mvule, na ndio wanaoyatembelea maua ya mbuyu yanayofunguka usiku mmoja na kudondoka kesho yake.

Kwa atakayependa kwenda, ushauri wangu ni kwamba asiende mchana kama ninavyolazimika kwenda mimi. Saa moja asubuhi ndege wako kazini na mtu anaweza kumwona dudumizi akianika mabawa yake baada ya umande. Katikati ya Novemba, jua likitoka baada ya mvua, asimame pembeni ya nyasi palipo wazi badala ya chini ya miti, kwa maana kereng'ende wale hawapendi kivuli. Na akitaka mkrismasi ukiwa na maua yote, asingoje Krismasi yenyewe, kwa sababu miaka ambayo vuli huwahi, kufikia tarehe 25 Desemba maua mengi yanakuwa yamekwisha kufagiliwa.